Wajaini na uhai wa viumbe: mbona maziwa wanakunywa na karoti hawali?

Jiko la Shughuli

Wakuu, salaam. Kuna oda ya familia ya Kijaini, wafuasi wa Ujaini, ile dini ya kale ya India, hapa Nairobi, watu 120, chakula cha mchana na cha jioni, katikati ya Agosti. Karatasi waliyoleta inasema hivi: nyama, samaki, mayai na asali marufuku. Viazi, vitunguu vya kila aina, karoti, bitiruti na figili marufuku. Biringanya hapana. Tangawizi mbichi hapana, ila ya unga sawa. Maziwa, mtindi na samli sawa. Cha jioni kiliwe kiishe kabla jua halijazama.

Kufuata orodha si tatizo. Tatizo ni ukifika sokoni ukakuta kitu ambacho karatasi haikukitaja. Karanga nazo zinachimbwa, je? Uyoga? Choroko zilizochipua? Mwenye kuijua imani yenyewe anipe msingi wake ili nisiwe nakisia. Na je, ni kweli hawa watu wanaabudu wanyama?

Msoma Dini

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalopotosha wengi. Hawaabudu mnyama yeyote. Kwenye mahekalu yao utakuta sanamu za Matirthankara, walimu wao 24, na chini ya kila sanamu alama: simba kwa Mahavira, nyoka kwa Parshva, tembo kwa Ajitanatha, kobe kwa Munisuvrata. Sanamu hizo hufanana kama mapacha, kwa hiyo alama inakuambia ni mwalimu yupi uliye mbele yake. Simba hasujudiwi.

Wanachofanya ni kuhesabu uhai, na hesabu yenyewe ni ya wazi kabisa. Kila kiumbe ana jiva, yaani nafsi, na jiva haifi. Kinachoweza kukatwa ni prana, zile nguvu zinazoifunga nafsi kwenye mwili hadi tukasema huyu yu hai. Prana ziko 10: milango mitano ya fahamu (kugusa, kuonja, kunusa, kuona, kusikia), nguvu tatu (ya mwili, ya usemi, ya akili), pumzi, na kipimo cha umri.

Sasa gawanya. Mmea una mlango mmoja tu, kugusa, pamoja na nguvu ya mwili, pumzi na umri: prana 4. Hesabu hiyohiyo wanaipa ardhi, maji, moto na hewa, maana kwao hivyo navyo ni miili ya viumbe wadogo. Mnyoo na konokono wana milango miwili, wanaongezewa kuonja na sauti: 6. Sisimizi na chawa wananusa: 7. Nzi, nyuki, nge na buibui wanaona: 8. Mwenye milango yote mitano lakini hana akili ya kupambanua ana 9. Samaki, kuku, mbuzi, mtu: 10.

Mbuzi na mtu wako daraja moja la prana. Hapo ndipo heshima yao kwa mnyama inapotoka. Mnyama hana utakatifu wa pekee. Ana mali ileile uliyo nayo wewe, na huna haki ya kumpokonya.

Tattvartha Sutra, andiko linalokubaliwa na madhehebu yao yote mawili, Wasvetambara na Wadigambara, linaifafanua himsa, yaani kudhuru uhai, kuwa ni kukata prana kwa kutojali. Shika vipande vyote viwili, kukata na kutojali. Ndiyo maana mtawa hutembea na kifagio laini, cha sufu kwa Wasvetambara, cha manyoya ya tausi yaliyojidondokea kwa Wadigambara, akafagia mahali kabla hajaketi. Asiyetazama anapokaa ana kosa hata kama hakumkanyaga sisimizi.

Kuhusu mboga. Mimea kwao ni ya namna mbili: wenye mwili mmoja na nafsi moja, na wenye mwili mmoja unaokaliwa na nafsi zisizo na idadi. Viazi, karoti, vitunguu, tangawizi mbichi, manjano mabichi, muhogo na figili wako kundi la pili. Vipimo vyao vya kale vya kulitambua kundi hilo: ukikivunja kinavunjika sawasawa bila nyuzi, mishipa na maungio yake hayaonekani, na kipande ukikikata ukakifukia kinaota upya. Chukua kiazi ukate kipande chenye jicho, ufukie, utaona wanachosema. Pia ukiking'oa umeua mmea mzima na viumbe wa kwenye udongo, wakati bamia ukiichuma mti unabaki umesimama.

Tangawizi na manjano vinapokauka, uhai ule umekwisha wenyewe na havioti tena, ndiyo maana vya unga wanakula. Usijaribu hoja hiyo kwa viazi vya kukaushwa. Kiazi kinakaushwa na mtu ili kiliwe, na wengi watakurudishia sahani. Karanga ni mbegu, haina shida. Uyoga hapana. Choroko zilizochipua hapana, chipukizi lolote linahesabiwa kundi la nafsi nyingi. Biringanya ni kwa ajili ya wingi wa mbegu. Tini, na matunda yote ya jamii ya mkuyu, usilete: pasua kuyu lolote lililoiva utawaona wadudu humo ndani.

Kalamu Kavu

Hesabu hiyo ina tundu. Kama ni kuhesabu nafsi, basi ng'ombe mmoja analisha ukoo mzima wiki nzima, nafsi moja imetoka. Sufuria moja ya wali ni nafsi ngapi za mpunga? Mla ng'ombe ameua kidogo.

Msoma Dini

Kalamu, umewahiwa kwa miaka zaidi ya elfu mbili. Maandiko yao ya kale yana mjadala na watawa wa kundi jingine walioitwa watawa wa tembo. Wao walikuwa wakiua tembo mmoja kwa mwaka na kumla mwaka mzima, wakijisifu kwamba wanaokoa viumbe wengine wote. Hoja yako neno kwa neno.

Wajaini waliikataa kwa sababu mbili. Kwanza, prana 10 hazinunuliki kwa mafungu ya prana 4. Kumwangusha kiumbe anayekuona, anayekusikia na anayekimbia kunahitaji ukali wa moyo ambao kuvuna mpunga hakuhitaji, na ukali huo ndio unaoichafua nafsi ya muuaji. Pili, nyama ikishakaa inazaa viumbe wadogo bila hesabu, mbichi au iliyopikwa, kwa hiyo ile "nafsi moja" si moja tena.

Tena usiwachanganye na imani ya nguvu ya uhai kama ile ambayo padri Placide Tempels aliiandika mwaka 1945 kuhusu Waluba wa Kongo. Kule nguvu inaongezeka na kupungua, mkubwa anaweza kumtia nguvu mdogo, na nguvu ya mnyama ipo chini ya mtu ili imfae mtu. Kwa Mjaini prana haihami. Huwezi kula simba ukapata usimba. Unachopata ni deni.

Pwani Moja

Na maziwa? Hapo mbona wanajikanyaga?

Msoma Dini

Kwa mizani yao ya asili hawajikanyagi: ng'ombe akikamuliwa, ndama akaachiwa fungu lake, hakuna prana iliyokatwa. Kinachobishaniwa siku hizi ni ufugaji wa kiwanda, ndama dume anakwenda wapi na ng'ombe aliyekauka maziwa anakwenda wapi. Vijana wengi wa Kijaini, hasa Uingereza na Marekani, wameacha maziwa kwa sababu hiyo. Wazee wanajibu kwa panjrapole, mazizi ya hisani ya kutunza mifugo mizee na vilema mpaka ife yenyewe. Gujarat imejaa mazizi hayo. Delhi, kwenye hekalu lao linalotazamana na Ngome Nyekundu, kuna hospitali ya ndege iliyoanzishwa mwaka 1929. Kwa mpishi: andaa angalau vyakula viwili visivyo na maziwa wala samli, uviwekee kibao. Hutajuta.

Bi Samli

Mwanangu Jiko, nadharia umepewa na Msoma Dini, mimi nikupe ya jikoni. Kwanza kabisa Agosti. Umeingia ndani ya Chaturmas, ile miezi minne inayoanza Julai hivi na kuishia Novemba. Kanuni ilizaliwa kwenye masika ya India ambako wadudu hufumka, na inafuatwa hata Nairobi ambako Agosti ni baridi na vumbi. Maana yake kwako: mboga za majani ziondoe zote. Mchicha, sukuma, kabichi, koliflawa, uwatu, na nyumba nyingi hata kotimiri ya kupambia. Waulize pia tarehe hiyo inaangukia siku gani ya mwezi mwandamo wao. Siku ya 8 na ya 14 ya kila nusu mwezi wengi hawali chochote cha kijani, hata bamia. Utabaki na dengu, mchele, unga, maziwa na viungo vikavu. Na ikiangukia Paryushan, ile wiki yao ya toba ambayo huja Agosti au Septemba, nusu ya wageni watakuwa wamefunga, kwa hiyo idadi ya 120 isikudanganye.

Maji. Unayachuja kwa kitambaa kizito cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Kipimo cha zamani ni vidole 36 kwa 24 kabla ya kukunja. Kichujio cha waya cha chai hakitoshi. Ukimaliza, kitambaa hukikamui. Kamua, umewasaga wadudu wa majini uliotaka kuwaokoa. Kigeuze, kimiminie maji yaliyokwisha kuchujwa upande wa nyuma, na maji hayo yarudi yalikotoka. Kama yalitoka kisimani yarudi kisima kilekile. Ya bomba, waulize wenyewe. Wengi wanakubali yamwagwe kwenye udongo wenye unyevu. Kwa wazee na waliofunga chemsha maji yatokote hasa, mara tatu, yapoe kwenye chombo kilichofunikwa. Yasilale. Ya jana yamekwisha.

Kuchambua. Unga chekecha asubuhi hiyohiyo, siyo jana. Dengu na mchele pepeta mchana wenye mwanga. Bamia, pilipili hoho na maharage mabichi pasua kwa urefu kwanza ndipo ukate. Ukikata kwa upana kama tulivyozoea umemkata funza kabla hujamwona. Kuna ule ujanja wa kuloweka mboga kwenye maji ya chumvi ili wadudu watoke: hapa ndio kosa lenyewe, maana wanatoka wamekufa. Ukimkuta mdudu mtoe kwa jani au kipande cha karatasi, mpeleke nje kwenye kivuli. Jikoni weka kijana mmoja kazi yake iwe hiyo tu. Kwa watu 120, mboga zitakula saa tatu nzima za kuchambua.

Choroko na dengu usiloweke usiku kucha, zitaanza kutoa kijimkia na zimeharibika kwao. Saa mbili au tatu za maji ya uvuguvugu siku ileile zinatosha. Unga wa chapati uliokandwa jana, wali wa jana, mchuzi wa jana, vyote havifai. Chenye unyevu hakilali. Vikavu kama khakhra, zile chapati nyembamba kavu, vinalala bila shida. Mtindi ukishapita siku mbili usiulete. Hamira wengi wanaikwepa, kwa hiyo mahamri sahau.

Sasa kosa linalowaangusha hata wapishi wazoefu: nafaka yoyote inayopasuka vipande viwili, dengu, choroko, mbaazi, kunde, na unga wake, haichanganywi na mtindi mbichi. Karanga haimo kwa kuwa inatoa mafuta. Wanasema mchanganyiko huo unazaa viumbe papo hapo. Dawa yake ni kupasha mtindi kwanza. Lakini ukipasha mtindi mtupu unakatika, unapata maji huku na chenga kule. Fanya hivi kwa kadhi, ule mchuzi wa mtindi na unga wa dengu: mtindi lita 1, upige na kijiko kimoja cha mezani cha unga wa mchele, ambao si jamii ya dengu. Moto mdogo, koroga upande mmoja bila kuacha mpaka utoe moshi na kidole kisivumilie. Pembeni uwe umekoroga gramu 40 za unga wa dengu kwenye maji lita 1, uchuje madonge. Hapo ndipo uunganishe, uache uchemke dakika 15 mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Kwa watu 120 utahitaji mtindi lita 12, maji lita 12, unga wa dengu karibu nusu kilo. Sufuria gawa mbili, moja kubwa itakushinda kukoroga. Na raita, kachumbari ya mtindi baridi, usiiweke meza moja na dal, yaani mchuzi wa dengu, mgeni atachanganya kwenye sahani na lawama itakuja kwako.

Jiko la Shughuli

Bi Samli, shikamoo na asante sana. Mchuzi bila kitunguu wala thaumu nautia nini ili usiwe maji ya nyanya? Na badala ya kiazi kwenye kachori?

Bi Samli

Marahaba. Harufu ni mvuje, kile kiungo chenye harufu kali. Samli ikishika moto tia jira na haradali, zikiacha kupasuka tia mvuje, hesabu mpaka tano, mimina nyanya. Ukipitisha hapo unaungua na mchuzi unakuwa mchungu usiotibika. Robo kijiko cha chai kwa mchuzi wa watu kumi. Kwa 120 usizidishe kumi na mbili, vijiko viwili vinatosha. Uzito unatoka kwenye korosho: gramu 100 kwa lita ya mchuzi, loweka nusu saa, saga laini. Tui zito nalo zuri, ila libadilishe ladha kwa makusudi, lisiwe la kufichia.

Kiazi, badala yake ni ndizi mbichi ya kupika. Chemsha na maganda yake dakika 15 hadi 20, menya ingali moto, iponde hapohapo na ndimu. Ikipoa kabla hujaiponda inakuwa ngumu na yenye madonge, na bila ndimu inageuka rangi ya majivu.

Vya dukani soma kila paketi. Bizari za kuchanganya na vidonge vya supu vina unga wa kitunguu karibu vyote. Jibini nyingi zinagandishwa kwa kimeng'enyo cha tumbo la ndama, kwa hiyo gandisha mwenyewe kwa ndimu: maziwa lita 1 yaliyochemka, vijiko viwili vya mezani vya maji ya ndimu, utapata kama gramu 180. Peremende na keki angalia jelatini. Mithai yenye karatasi ya fedha juu yake uliza ilikotoka. Fedha ile zamani iligongwa katikati ya matabaka ya utumbo wa ng'ombe. India ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 2016, lakini nunua ile isiyopambwa ulale usingizi.

Muda: Agosti jua la Nairobi linazama saa kumi na mbili na nusu na dakika chache. Pakua kuanzia saa kumi na nusu jioni, meza iwe tupu saa kumi na mbili na robo. Hata maji baada ya hapo wengine hawagusi, kwa hiyo zungusha jagi la mwisho saa kumi na mbili kamili.

Pwani Moja

Mende wa jikoni je? Ukumbi wa kukodi lazima upigwe dawa.

Msoma Dini

Sheria ya mwenye familia si ya mtawa. Wanagawa himsa mafungu manne: ya kukusudia, ya kazi, ya shughuli za nyumbani, na ya kujilinda. Mwenye familia anatakiwa aiache ya kukusudia kabisa, hizo tatu azipunguze kadiri awezavyo. Ndiyo maana wakaepa biashara 15 walizozitaja kwa majina, mkaa na pembe za ndovu zikiwemo, na wengi wakaishia dukani. Kupuliza dawa kwa nia ya kuua ni fungu la kwanza. Kwa hiyo usipulize siku yao, wala usiwaambie ulipuliza jana ukidhani unawafurahisha. Kausha sinki, ziba mashimo, funika ndoo za taka. Taa na majiko ya wazi yafunike jioni, nondo wasiingie.

Bi Samli

Nyongeza moja kuhusu vyombo. Mabaki yenye unyevu wanaamini yanazaa viumbe baada ya dakika 48, kwa hiyo sahani zisirundikane mpaka shughuli iishe. Weka watu wawili wa kuosha na kufuta tangu mgeni wa kwanza ainuke. Tena utaona mzee amemaliza kula, akamimina maji kwenye sahani yake, akaisuuza kwa kidole na kuyanywa yote. Ndivyo afanyavyo ili asiache hata punje. Waambie vijana wako wasimnyang'anye sahani.